Somo: Kuwatoa vijana wetu kwenye magenge ya mapanga, hatua kwa hatua

Assalaam alaykum wanachama. Kijana akikatwa panga mtaani kwetu hapa Zanzibar, fikra ya kwanza ya wazee ni doria: fimbo, tochi na gari la polisi. Doria ina nafasi yake, nitaifikia. Lakini ikitangulia mambo mengine, vijana huhama mtaa kwa muda, kisha hurudi na hasira zaidi. Anzeni hivi.

Hatua ya kwanza: wajueni kwa majina

Kaeni faraghani watu wachache: sheha (kiongozi wa serikali wa shehia yenu), ustadhi wa madrasa, kocha wa timu ya mtaa, bibi ambaye watoto wengi wamepita mikononi mwake, na muuza chipsi anayefunga usiku. Huyo wa chipsi msimwache, kwani anajua nani anafuatana na nani saa tano za usiku kuliko sheha. Andikeni nani hasa anatembea na kisu, nani anafuata mkumbo tu, na nani ana kisasi na nani. Karatasi ibaki kwa mtu mmoja. Isipigwe picha, isitumwe WhatsApp.

Mtashangaa orodha ilivyo fupi. Boston, Marekani, miaka ya 1990, watafiti walikuta wanamagenge wapatao 1,300, chini ya asilimia 1 ya vijana wa rika lao mjini, na hao ndio waliohusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Basi kuichukia maskani (kijiwe cha vijana) nzima, pamoja na wanaocheza keram wakisubiri vibarua, ni kuwapa wale wachache wafuasi wa bure.

Hatua ya pili: katisheni kisasi usiku uleule

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Daktari Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia. Baada ya kurudi kwao Marekani, alianza mwaka 2000 huko Chicago kuyashughulikia mauaji ya mitaani kama maradhi ya kuambukiza: aliyepigwa leo ndiye mpigaji wa kesho. Aliwatumia watu waliotoka katika maisha hayohayo, wakawawahi wenye hasira kabla hawajatoka nje.

Kwetu watu hao wapo. Mara nyingi ni mtu aliyepita Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, akatulia, sasa anauza samaki au anaendesha bodaboda, na vijana wanamsikiliza kuliko mimi na nyinyi.

Kijana akikatwa, nendeni pande mbili kwa pamoja. Mmoja aende hospitali akae na wenzake majeruhi, maana kulipiza hupangwa palepale nje ya wodi. Asihubiri. Aulize jeraha likoje, asaidie kufuatilia PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), anunue maji na mikate. Kisha amvute pembeni yule anayepiga simu sana: "Mwenzako anashonwa, yu hai. Ukienda usiku huu, mamaako kesho atakuwa na msiba wako. Nipe mpaka alasiri." Hapo haombi msamaha, anaomba muda tu. Alasiri ataomba tena mpaka kesho.

Wa pili aende kwa mjomba wa aliyekata. Asimfiche kijana, kwa sababu kukata mtu panga ni kesi. Mzee wake ampeleke kituoni mwenyewe, akiwa mzima, kabla kundi halijamfikia.

Hatua ya tatu: waiteni wasikilize

Glasgow, Uskochi, mwaka 2008, wanamagenge waliitwa mahakamani bila kushitakiwa. Polisi waliwaambia wanajulikana, madaktari wakaeleza majeraha wanayoyashona, mama mmoja akasimulia yaliyomfika mwanawe. Kisha wakapewa namba ya kupiga kwa anayetaka kutoka.

Sisi tufanye skuli, jioni. Tawi la chama chochote si mahali pake. Maskani zetu nyingi zina rangi ya siasa, na kijana akiona bendera tu mkutano umekwisha. Na siku hiyo asikamatwe mtu. Mkivunja ahadi hiyo, hamtawaita tena wakaja.

Hatua ya nne: mlango wa kutokea

Anayetumia unga aende soba (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) kwanza, mengine baadaye. Wengine watafutiwe nafasi vituo vya mafunzo ya amali, kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, au waingizwe kwa fundi selemala au fundi vespa wa mtaani, huku shehia ikichangia chakula chao cha mchana. Msiahidi ajira msiyo nayo.

Hatua ya tano: doria

Polisi jamii wapite saa na sehemu zile mlizoziandika tu. Tieni taa kwenye uchochoro, safisheni gofu. Bila fimbo.

Maswali ya wanachama

*Mama, Chake Chake:* Mwanangu yumo. Nikimtaja si watamchukua?

Bi mkubwa, usianze kwa kumtaja kwenye kikao. Mtafute mtu mmoja ambaye mwanao anamwonea haya, awe ami yake au mwalimu wake wa zamani, umweleze yeye. Ila kama unajua leo kuna mtu atakwenda kuumizwa, piga 112. Hilo halisubiri kikao.

*Mzee wa Magomeni:* Zamani tulicharazwa bakora tukanyooka. Kwa nini hawa wabembelezwe?

Mzee wangu, shikamoo. Bakora ya babaako ilitoka kwa mtu aliyekulisha. Kipigo cha kundi hutoka kwa watu wasiomjua, na anayekipata huenda kulala kwa wenzake, ndipo anapofundwa hasa. Na wapo waliouawa kwa kudhaniwa tu. Kikao kile cha hatua ya tatu si kubembeleza: mnamwambia waziwazi kwamba akirudia, sheria inamfuata, na nyinyi hamtamwekea dhamana.

*Kijana, Unguja:* Nimejitoa, lakini wenzangu wanasema nimewachoma. Nikae wapi?

Mwanangu, usikae hapo kuthibitisha ushujaa. Kama una shangazi Pemba au shamba, nenda kwa miezi michache. Badilisha namba ya simu, umpe kocha au ustadhi peke yake. Huku yule mtu wa hatua ya pili azungumze nao kwamba hukumtaja yeyote. Na usirudi siku ya sikukuu, usiku ule maskani zote zimejaa. Rudi siku ya kawaida, mchana, ukiwa na mzee ubavuni.