Somo: Mwanza hadi Kigali kwa gari lako mwenyewe

Salaam wadau. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila wiki napata mtu anayeniuliza habari za kwenda Kigali kwa gari binafsi. Njia kweli imefunguka. Zamani ulikuwa unakaa Kigongo unasubiri kivuko mpaka watoto wanaanza kulia njaa. Leo ni kilomita 3 za daraja na umeshaingia Busisi. Mimi nimeenda na familia mara kadhaa, na gari halijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni mazoea niliyotoka nayo nyumbani. Rwanda sheria ndogo na kubwa zinatekelezwa kwa uzito uleule, kwa hiyo maandalizi yafanyike Mwanza. Mpakani umechelewa.

Hatua ya 1: Karatasi (anza wiki mbili kabla)

Kila abiria awe na pasipoti, hata mtoto mchanga. Usidanganyike na habari kwamba watu wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Huo ni utaratibu wa Rwanda, Kenya na Uganda, sisi hatumo. Viza Mtanzania haombi.

Gari linataka kadi yake halisi. Kama gari si lako, au limeandikwa jina la kampuni, pata barua ya idhini ya mwenye gari iliyogongwa muhuri wa wakili. Kama kadi imeshikiliwa benki kwa sababu ya mkopo, waone benki mapema wakupe nakala na barua.

Halafu bima. Hapa niliumia. Wakala mmoja hapa mjini aliniambia bima yangu kubwa inanitosha popote Afrika Mashariki. Nimefika mpakani Rusumo naulizwa kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka, sina. Nililipia bima nyingine palepale, na watoto wakashinda juani kwa saa tatu. Bima ya ndani inaishia kwenye mto Kagera. Mwambie wakala akukatie kadi ya njano, uiangalie kwa macho yako: namba ya gari, namba ya chesisi, tarehe, na jina la Rwanda liwe kwenye orodha.

Hatua ya 2: Kalenda

Usipange kuingia Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asubuhi hiyo ni Umuganda, kazi za pamoja za nchi nzima, kuanzia saa mbili hadi saa tano kwa saa za kule. Maduka yanafungwa na magari hayatembei ovyo. Kumbuka pia saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja.

Tarehe 7 Aprili yanaanza maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Wiki hiyo hakuna muziki wa sherehe wala harusi za shangwe. Kama safari yako ni ya kutalii na kufurahi, chagua wiki nyingine.

Hatua ya 3: Mizigo

Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, sisi tukafuata Juni 2019. Tofauti ni kwamba huku vile vifuko vyepesi vya karanga na nyanya bado tunavishika kila siku bila kufikiri. Safari ya kwanza mama alinifungashia dagaa wa zawadi, kila fungu kwenye kifuko chake, kisha vyote ndani ya mfuko mwingine. Afisa wa mpakani alivifungua kimoja kimoja bila kunikaripia, akanionyesha pipa. Mke wangu alitandaza khanga juu ya boneti, tukamimina dagaa wote humo, tukafunga fundo. Gari lilinuka dagaa mpaka Kigali. Siku hizi nguo nafunga kwenye mashuka, na zawadi ziko kwenye kikapu cha ukindu.

Hatua ya 4: Njia na mpaka

Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Lusahunga, Benako, Rusumo. Kuanzia Lusahunga unaingia kwenye njia ya malori, kwa hiyo usiwe na haraka wala usipite usiku. Mimi nalala Biharamulo, nafika Rusumo asubuhi nikiwa sijachoka.

Rusumo ni kituo cha pamoja. Ukitoka Tanzania hugongewi upande wetu. Unavuka daraja, na maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja ng'ambo. Anza na uhamiaji, kisha forodha wakuandikie kibali cha muda cha gari. Soma tarehe ya kuisha kwa kibali kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya 5: Kulia

Kwenye daraja la Rusumo unahama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenda na barabara nyoofu si kazi. Kazi ni kupita lori. Usukani wetu uko kulia, na wewe unaendesha kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori unaona majani na mtaro tu. Anayeona mbele ni aliyekaa kiti cha kushoto. Tulikubaliana na mke wangu maneno mawili: "bado" na "njoo". Asiposema kitu, sipiti. Na aliyekaa hapo asilale.

Mzunguko wa barabarani unaingiwa kwa kulia, na ukivuka kwa miguu angalia kushoto kwanza. Taa za magari yetu zimetengenezwa kumulika zaidi pembeni kushoto, na kule kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Ukiendesha usiku unampofusha. Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160 za milima na kona, zimalize mchana.

Mwendo fuata kibao, kamera zipo. Nilisimamishwa kwa kuzidisha kidogo tu, nikaanza kujieleza kama ninavyojieleza huku. Askari alinisikiliza hadi mwisho, akaniandikia faini. Usithubutu kuingiza mkono mfukoni; hongo ni kesi.

Hatua ya 6: Kinywa

Hii naiomba kwa moyo wote. Sisi Wasukuma mtu hatujamaliza kumsalimia tumeshamuuliza kabila lake ili tumtanie. Rwanda usiulize. Mwaka 1994 watu waliuawa kwa jibu la swali hilo. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, ndani ya siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja Benako, hapo hapo utakapopita ukitafuta chai. Waeleze watoto kabla hamjavuka. Wakitaka kujua mtu ni wa wapi, waulize mji anakotoka, inatosha.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Nyegezi: Mkuu, kadi ya njano ya bima na ile ya chanjo ni moja?*
Hapana ndugu yangu, ni mbili, na wengi wanachanganya. Moja ni ya gari, nyingine ni yako ya chanjo ya homa ya manjano. Beba zote.

*Mdau wa Igoma: Mimi Kinyarwanda sijui, na Kiingereza ni cha kuombea maji.*
Usijali. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Kigali utapata wa kuongea naye. Jifunze "murakoze", ni asante.

*Dada wa Buswelu: Nikipata ajali kule nafanyaje?*
Pole kwa wazo hilo dada, lakini umeuliza vizuri. Piga 112 ya polisi, weka pembetatu barabarani, usisogeze gari wala msimalizane wenyewe pembeni. Bila ripoti ya polisi kadi ya bima haitakusaidia.

*Mdau wa Sengerema: Kipi kigumu zaidi, kwenda au kurudi?*
Kurudi, kaka. Ukienda kila mtu yuko macho. Ukirudi umeshazoea kulia, umevuka daraja, umeona bendera yetu, moyo umetulia. Mara ya pili nilikwenda karibu mita mia mbili upande wa kulia ndani ya Tanzania, lori linapandisha mbele yangu, hadi binti yangu akapiga kelele kutoka nyuma: "Baba, kushoto!" Siku hizi yeye ndiye namkabidhi kazi hiyo. Tukifika katikati ya daraja anaanza kulisema, na haachi mpaka tufike Benako.