Kuzalisha enjelifishi nyumbani na kulea vifaranga mpaka wapate umbo

Niseme mapema tu, kutagisha enjelifishi, hawa samaki wa mapambo wenye umbo la pembetatu, sio kazi. Ukiwa na dume na jike waliokubaliana, wanakula vizuri na maji yao ni masafi, watataga hata kama we hujajipanga, watabandika mayai kwenye hita, kwenye bomba la filta, saa ingine kwenye kioo chenyewe. Kazi iko kwenye wiki zinazofuata, hasa ile siku vifaranga wanaachia na kuanza kuogelea huku wana njaa tayari na mfugaji ndo kwanza anakimbizana kutafuta chakula. Kwahiyo mambo ya tenki nitayapita harakaharaka, nikae zaidi kwenye chakula cha watoto.

Tuanze na pea. Kwa macho ya kawaida huwezi kutofautisha dume na jike, utasikia watu wanasema angalia nundu kichwani, sijui angalia tumbo, ila wakiwa wadogo huko ni kubahatisha tu. Cha kuaminika ni kimrija kinachojitokeza chini ya tumbo siku moja au mbili kabla ya kutaga, cha jike ni kinene na butu, cha dume ni chembamba na kimechongoka. Sasa kwa vile huwezi kujua mapema, nunua wadogo 6 hadi 8, uwalee pamoja kwenye tenki kubwa, wakifikisha kama miezi 8 hadi 12 wataanza kuchaguana wenyewe. Hutahitaji kuambiwa, utaona wawili wameshika kona yao na kila anayesogea anakula kibano. Hapo uwatenge. Kuchukua dume lolote na jike lolote ukawafungia pamoja kwa nguvu mara nyingi inaishia mmoja kachanwachanwa mapezi, au kafa kabisa.

Halafu kuna hii, majike wawili wanaweza kuwa pea kama kawaida, wanasafisha pamoja, wanataga, wanalinda, na mayai yote yanageuka meupe, yaani yamekufa kwa kukosa dume wa kuyarutubisha. Ikikutokea kila mara, usilaumu maji kwanza, chungulia vimrija.

Tenki ya pea iwe na lita 80 kupanda juu na iwe ndefu kwenda juu, sentimita 40 au zaidi, manake hawa mapezi yao ni marefu juu na chini. Chini usiweke changarawe wala mchanga, acha kioo kitupu, utasafisha kirahisi. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa inatosha, joto nyuzi 27 au 28, na maji ya bomba uyatoe klorini kwanza. Kuhusu pH (kipimo cha asidi ya maji), wakitokea mito ya Amazon wanapenda maji laini, yasiyo na chumvichumvi nyingi, yenye asidi kidogo, 6.5 hadi 7 ni nzuri, ila waliozaliwa kwenye matenki wamezoea maji ya aina nyingi, na pH inayopanda na kushuka kila siku kwa sababu unamwagamwaga dawa ni mbaya kuliko pH ya 7.5 iliyotulia. Maji yakiwa magumu sana wazazi watakaa freshi tu ila mayai mengi hayatatotolewa, hapo ndo uchanganye na maji ya RO, yaani yaliyochujwa chumvichumvi kwa mashine.

Wawekee sehemu ya kutagia, kigae kilichoegeshwa kwenye kioo au kipande cha bomba la plastiki kilichosimama wima. Kikubwa kiwe kitu unachoweza kukitoa na mayai yake, ndo maana mayai kwenye kioo au kwenye hita yanasumbua. Walishe vizuri, artemia wa barafu (vidudu vidogo vya maji ya chumvi, waliogandishwa), viluwiluwi vya mbu, chembe nzuri za dukani, na ubadilishe maji mara kwa mara. Mara nyingi ukibadilisha maji mengi kwa mkupuo kesho yake au keshokutwa unakuta wameshaanza kudonoa kigae.

Na hilo la kudonoa lina raha yake kulitazama. Wanapiga kigae midomo kama wanakwangua, mwili unatikisika, wanapokezana. Halafu jike anapita taratibu tumbo likiwa limegusa kigae anaacha mstari wa mayai, anajitoa, dume anapita palepale nyuma yake anayarutubisha, jike anarudi tena. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na mayai yanaweza kuwa 100 mpaka 400, madogo, yanang'aa, rangi kama asali. Baada ya hapo wanayapepea na mapezi ya ubavuni usiku na mchana, na yanayogeuka meupe wanayanyofoa moja moja.

Sasa pea changa watayala. Mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu, wanataga vizuri, asubuhi kigae kitupu. Usiwatenganishe kwa sababu hiyo, wengine wanajifunza, ingawa wengine hawajifunzi kamwe. Kwahiyo una uamuzi wa kufanya, uwaachie wazazi au utoe mayai? Kuwaona wazazi wakilea ni jambo zuri mno, wanabeba watoto mdomoni wanawahamisha, wanawazunguka wakiwa kundi, na kama unataka kuona hilo waachie, ila uwashe taa hafifu usiku ili wasiwapoteze watoto gizani na uache kuingiza mkono kila saa, wakishtuka wanakula wote. Lakini kama unachotaka ni vifaranga, mi ningesema toa mayai, usijidanganye kuwa safari hii watatulia.

Kuyatoa ni hivi. Chukua chombo au tenki ndogo ya lita 10 hadi 20, ijaze maji yaleyale ya wazazi, joto lilelile. Hamisha kigae kikiwa ndani ya bakuli la maji, kiegeshe mayai yakitazama chini kidogo au pembeni, weka jiwe la hewa karibu ili mapovu yapande kando ya mayai na sio kuyapiga, manake kinachotakiwa ni maji yazunguke kama wazazi wangekuwa wanapepea. Ongeza dawa ya methilini bluu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Hii inazuia fangasi, na fangasi ndo shida yenyewe, anaanzia kwenye yai lililokufa halafu nyuzinyuzi zake zinafunika na mazima ya jirani. Ukiwa na mkono uliotulia unaweza kuyatoa meupe kwa dropa. Ukitetemeka acha.

Ndani ya kama saa 48 hadi 60 utaona mikia inachezacheza huku kichwa kimenata palepale kwenye kigae. Wengine wanadondoka chini wanakuwa rundo moja linalotetemeka, usiogope, wako sawa. Kipindi hiki HAWALI. Wana kifuko cha kiini tumboni wanakitumia hicho, ukitia chakula unaozesha maji tu. Kazi yako ni kupunguza ile bluu, kila siku toa maji kidogo urudishe masafi ya joto lilelile.

Siku kama ya tano tangu watotolewe utaona wachache wanaruka, wananyanyuka kidogo na kudondoka. Hiyo ndo alamu yako. Siku hiyohiyo weka mayai ya artemia, usisubiri waogelee wote, kwa sababu artemia wenyewe wanahitaji kama saa 24 hadi 36 kutoka.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze mdomo uwe chini ukiwa na kifuniko kilichobana vizuri. Weka maji lita moja, chumvi gramu 25 (kijiko cha chakula kimoja na nusu hivi), mayai ya artemia nusu kijiko cha chai, halafu ingiza mpira wa hewa mpaka chini kabisa, mapovu yawe ya nguvu kiasi kwamba hakuna mayai yanayotulia. Joto 26 hadi 28 na taa karibu. Kesho yake maji yamekuwa ya chungwa. Zima hewa, subiri kama dakika 10, utaona mafungu matatu, maganda yanaelea juu, mayai yasiyotoka yamekaa chini kabisa, na katikati kuelekea chini kuna wingu la chungwa linalohangaika kufuata mwanga. Vuta hilo wingu tu kwa mpira mwembamba, lichuje kwenye kitambaa laini sana, suuza na maji ya kawaida, lisha. Yale maganda yaache hukohuko, kifaranga akimeza hayasagiki na yanaweza kumziba.

Wape haraka baada ya kutoka, kwa sababu artemia naye ana kiini chake na kila saa inayopita anakitumia, ukimlisha amechelewa umelisha ganda tu. Na wape kidogo mara nyingi, mara 3 au 4 kwa siku, manake kwenye maji yasiyo na chumvi artemia anaishi masaa tu halafu anakufa anaoza. Jinsi ya kujua wameshiba ni rahisi, inama uangalie kutokea ubavuni na mwanga ukiwa nyuma yao, tumbo la kila mmoja limekuwa kidoti cha chungwa. Ambaye tumbo ni kioo hajala. Kuwe na chupa mbili zinazopokezana, leo unavuna hii, kesho ile, la sivyo kuna siku utakuta huna kitu. Kiini cha yai la kuku ambacho watu wanakipenda sana, mi sikishauri, kinachafua maji haraka mno na kwa samaki wadogo hivi maji machafu yanaua upesi kuliko njaa.

Maji sasa. Tenki ya vifaranga iwe na filta ya sponji iliyokaa kwenye tenki la wazazi wiki kadhaa, ili iwe tayari na bakteria wake, na upepo uwe mdogo wasibebwe na mkondo. Kila siku vuta uchafu wa chini kwa mpira wa hewa, maji yaende kwenye ndoo nyeupe (utashangaa wangapi wamepita nao, unawachota unawarudisha), badilisha asilimia 20 hadi 30.

Kuna watakaokuwa wanajiburuza chini siku zote hawanyanyuki, hao kibofu cha hewa hakikujaa, hawaponi. Kuna wenye mashavu yaliyokosa mfuniko, wenye mapezi yaliyopinda. Wachague mapema uwaondoe, inauma lakini tenki moja haitoshi watoto 300. Kwa mtu mwenye nafasi ya kawaida nyumbani, ni heri abaki na 60 wenye afya kuliko 200 waliobanana, enjelifishi akibanana utotoni anadumaa na mapezi hayanyooki vizuri, na ukimhamisha baadaye hayarudi.

Kama wiki ya tatu anza kuwapa chembe laini zilizosagwa, uwape kabla ya kuwapa artemia wakiwa bado na njaa, polepole wanazoea, na uwahamishie tenki kubwa zaidi. Wiki ya nne au ya tano ndo unaona ile pembetatu, pezi la juu limenyanyuka na yale mawili membamba ya chini yameshuka. Watenge wakubwa na wadogo wakati huo, kwa sababu wakubwa wanamaliza chakula chote.

Wazazi ukiwa umewatolea mayai watataga tena ndani ya wiki moja au mbili, na wanaweza kuendelea hivyo mpaka jike akonde. Mkiona hivyo wapeni mapumziko, toa kigae, shusha joto kidogo, au waachie wajaribu kulea wenyewe. Na kama unachagua pea kwa rangi, weusi tii kwa weusi tii watoto wao huwa dhaifu na wengi hawafiki mbali, mchanganye mweusi na mwingine asiye mweusi. Wa mapezi marefu sana pia usimpe mwenzie wa hivyohivyo, watoto wengine wanatoka na mapezi mazito hata kuogelea wanashindwa.

Wakifika ukubwa wa sarafu kubwa wanaweza kwenda kwa watu, ila mwambie anayewachukua asiwaweke na visamaki vidogo kama neoni, leo wanaishi vizuri na baada ya miezi kadhaa neoni wanaanza kupungua mmoja mmoja usiku.