Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi

Juni ikiingia, nikifungua gereji yangu hapa Kiborloni, Moshi, nakuta vijana wa Old Moshi na Mbokomu wameshafika, pikipiki zimeshuka mlima zikiwa zimezima. "Shikamoo mzee. Nimepiga kiki mpaka mguu umekufa ganzi." Tatizo huwa linakuzwa hapo hapo. Injini isipowaka kwa kiki tano au sita, acha. Kila kiki inayozidi inamwagia plagi petroli, na plagi iliyolowa haichomi.

Anza na visivyo na gharama. Koki ya petroli iko wazi? Petroli ipo? Vuta choki, kile kidude kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, usizungushe mkono wa mafuta, piga kiki. Ikiwaka iache ingurume kidogo, kisha rudisha choki. Wengi wanaisahau na kupanda nayo mpaka juu, wakati hewa ya huko tayari ni nyepesi: Moshi mjini ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro limepita 1,800. Petroli inaizidi hewa, ekzosi inatoa moshi mweusi na pikipiki inakosa nguvu.

Bado haiwaki? Fungua plagi uisome. Rangi ya chai ya maziwa, injini iko salama. Masizi meusi makavu, tazama choki na chujio la hewa. Nyeupe kama chokaa, injini inachemka, mara nyingi kwa kuvuta hewa nyingi kuliko petroli. Ikiwa imelowa, ikaushe, funga koki, piga kiki mara kadhaa tundu likiwa wazi ili petroli itoke. Kisha irudishe kwenye kofia yake, egemeza chuma chake kwenye injini mbali na lile tundu, piga kiki. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta, umeme upo. Nyekundu na dhaifu, badilisha plagi kwanza kabla hujagusa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme.

Nasema hivyo kwa sababu nilipoanza kazi nilimfungia dereva mmoja koili mpya bila kupima. Pikipiki ikawaka, ikafika barabara kuu, ikazima. Kumbe ni maji kwenye petroli. Nilimrudishia pesa yake, na tangu siku hiyo sibadilishi kifaa bila kukinga mafuta na kuyatazama kwanza.

Kukinga ni rahisi. Kata chupa ya maji, iweke chini ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa, legeza skrubu ya kwenye bakuli lake. Asiwepo mtu mwenye sigara karibu. Acha yatulie, kisha inamisha chupa taratibu dhidi ya mwanga. Petroli ni nyepesi, inakaa juu. Maji yanazama, na utaona vitone vikiviringika chini kama shanga. Ukiviona, mwaga, kinga tena mpaka itoke safi, kisha kagua mpira wa kifuniko cha tangi. Ukichakaa, mvua ya masika inapita hapo.

Oili badilisha kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na iwe oili ya pikipiki. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea humo humo, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze. Ukiwa na mikungu minne ya ndizi nyuma utaijua. Cheni icheze milimita 20 hadi 30, na uipake oili baada ya kuosha matope.

Na nyie mnaozima injini mkishuka ili kuokoa petroli, nawaomba muache. Gia ndiyo inayoishika pikipiki mteremkoni. Ukiizima na kuweka nyutro, mzigo wote unabaki kwenye breki, na breki ya nyuma ya viatu, vile vipande vinavyosugua ndani ya gurudumu, ikipata moto inapoteza nguvu. Shuka na gia ya pili, injini ikiwa inanguruma, hata kama umeshuka mteremko huo mara elfu.