Kilomita 12 za mvua: jinsi ya kufika kazini kwa baiskeli na bluzi bado nyeupe

Nauza dawa katika duka moja la Birere, hapa Goma. Kazi hiyo inadai vitu viwili ambavyo mvua yetu haivipendi: bluzi nyeupe, na vidole vinavyohesabu vidonge bila kutetemeka. Nyumbani kwangu ni Mugunga. Kati ya nyumba na kazi kuna kilomita 12 hivi, nami nazipita kwa baiskeli asubuhi na jioni. Pikipiki zipo, lakini mwisho wa mwezi nikipiga hesabu ya nauli naona heri nilowe.

Mwaka wa kwanza nilipigana na mvua. Nilinunua koti zito la nailoni, nikalifunga mpaka kidevuni, nikafika mzunguko wa Signers nimelowa chapachapa kwa jasho langu mwenyewe, na mvua ilishakatika tangu mtaa wa Katindo. Siku hizi sijaribu tena kufika mkavu. Usiku naamua kipi kitalowa na kipi hakitaguswa hata na tone moja, halafu asubuhi natoka. Mengine yote hapa chini yametokana na uamuzi huo.

Kwanza, baridi yenyewe

Mgeni anayejua kwamba tuko karibu kabisa na ikweta hucheka ukimwambia habari za baridi. Lakini uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji unapanda kutoka hapo kuelekea Nyiragongo, wenye mita 3,470. Alfajiri ya mvua kipimo hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kwa mtu mkavu aliyeketi na kikombe cha chai, nyuzi 15 si kitu. Kwa aliyelowa ni habari nyingine: maji yakikauka kwenye nguo huchukua joto la mwili, na wewe kwenye baiskeli unajipepea upepo wa kilomita 15 kwa saa. Ndiyo maana baridi hukamata zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye kilima, na kuliko kote huko, dakika kumi baada ya kusimama. Kumbuka hilo la kusimama, nitalirudia.

Hatua ya 1: Fungasha usiku

Bluzi, suruali ya kazini, soksi, chupi, simu na kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho: hivi havilowi. Natumia mfuko wa plastiki wa ndani ya gunia la sukari. Watu huufunga fundo, kisha wanashangaa maji yameingia, fundo huvuja. Toa hewa, kunja mdomo mara tatu kama unavyokunja mdomo wa pakiti ya chumvi, ufunge kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka. Bluzi izungushe kama mkeka, usiikunje.

Mzigo uende kwenye kiti cha nyuma. Ukiubeba mgongoni, mgongo utatoa jasho ambalo halina pa kwenda.

Hatua ya 2: Vaa nguo zinazojua kulowa

Jinzi iache nyumbani. Inakunywa maji, inakuwa nzito, inachubua mapaja, na jioni utaikuta bado mbichi. Ndani navaa jezi ya mpira wa miguu, ile ya kung'aa, kwa sababu haishiki maji. Juu yake sweta la sufu. Sufu halisi hukupa joto hata ikiwa na unyevu, jambo ambalo pamba haiwezi. Kwenye mitumba ya soko la Virunga kila muuzaji ataapa kwamba sweta lake ni sufu, kwa hiyo omba akukatie uzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuwa kitone kigumu, ni plastiki; mrudishie kwa heshima.

Koti la juu liwe jepesi. Langu nimelitoboa kwapani kwa mkasi, na zipu inabaki wazi mpaka kitovuni nikiwa nakanyaga kwa nguvu. Kabla ya mteremko naifunga. Asubuhi za baridi kali naweka kifuani, kati ya jezi na sweta, kipande cha karatoni ya dawa kilichobanjuliwa. Upepo haupiti hapo. Nikifika kazini nakitupa, na karatoni dukani hazijawahi kuniishia.

Lile joho pana la mvua, la kuvaa kichwani kama kanzu, sikushauri. Likijaa upepo linakusukuma kwenye njia ya malori, na pindo lake likiingia kwenye gurudumu utajua mwenyewe.

Hatua ya 3: Miguu na mikono

Boti za mpira hujaa kwa juu, halafu unabeba ndoo mbili miguuni. Vaa viatu vya plastiki vyenye mikanda, miguu ilowe, uioshe ukifika. Kandambili hapana, zinateleza kwenye pedali. Mikononi, mimi kwa faida ya kazi yangu navaa glavu nyembamba za mpira za hospitali, kisha juu yake glavu za kufuma. Vidole vikiganda hutaweza kubana breki, na breki ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Zijue breki zako zikiwa zimelowa

Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, iguse kwenye ringi ya gurudumu. Ikinasa, ringi ni ya chuma, kama zilivyo nyingi za baiskeli hizi nzito tunazobebea mizigo. Chuma kile kinachong'aa ni laini sana. Kikilowa, raba ya breki inaelea juu ya maji na baiskeli inaendelea na safari kana kwamba hukuiambia kitu. Sumaku isiponasa ni aluminiamu, na hapo una afadhali.

Nilijifunza hili kwa goti. Nilikuwa nateremka kuelekea Ndosho, mama mmoja na beseni lake la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akavuka, nikabana breki kwa vidole vyote kumi, hakuna kitu. Nikachagua ukuta. Mama alipita salama na sambaza zake, mimi nikaacha ngozi kwenye jiwe la volkano. Kwado, yaani fundi wa magurudumu, aliyeninyoshea gurudumu aliuliza mambo mawili matatu, akatikisa kichwa: "Dokta, weye unafunga breki kisha kuogopa. Funga mbele ya kuogopa."

Hakuna aliyewahi kunieleza vizuri zaidi. Hivi ndivyo inavyofanyika: ukiona mbele kuna mteremko, njia panda au watu, gusa breki kidogo tu wakati bado huzihitaji, gurudumu lizunguke mara mbili tatu. Raba zinapangusa maji kwenye ringi. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka mtelezo hadi mkwaruzo. Sasa bana kweli, ya nyuma kwanza, ya mbele taratibu, na baiskeli ikiwa imenyooka, si katikati ya kona. Hata hivyo jipe nafasi mara mbili ya ile ya siku ya jua.

Mara moja kwa wiki zitazame raba zenyewe. Vipunje vya jiwe hujichomeka ndani yake na kuila ringi. Ving'oe kwa ncha ya sindano.

Hatua ya 5: Mchanga mweusi

Nikiambiwa nichague adui mmoja, sichagui mvua, nachagua huu. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mei 2021 ikaja tena, ikasimama pembezoni. Jiwe hilo tumelijengea kuta, tumelimwaga kwenye vichochoro, magari yamelisaga. Kiangazi ni vumbi. Mvua ikinyesha linakuwa uji mweusi, na uji huo kwenye mnyororo hufanya kazi ya msasa.

Kosa langu la zamani, ambalo naliona kila siku kwa wengine: kupaka mnyororo mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Ni ya bure, ni meusi, yananata, na yanakusanya mchanga wote wa barabara ya Sake. Mnyororo wangu wa kwanza ulirefuka mapema, ukala na meno ya gurudumu. Yale ya cherehani nayo ni mepesi mno, mvua moja tu na yamekwenda. Nunua chupa ndogo ya mafuta mapya ya injini, itakaa muda mrefu.

Jumapili fanya hivi. Sugua mnyororo kwa mswaki wa zamani uliochovywa mafuta ya taa. Pangusa, acha ukauke kabisa. Dondosha tone moja kwenye kila kiungo, kwa upande wa ndani, ukizungusha pedali kinyumenyume. Zungusha mara ishirini nyingine, subiri kidogo, kisha pangusa nje yote kwa kitambaa kama vile unajuta kuyaweka. Mafuta yanayofanya kazi yako ndani ya viungo. Ya nje yanaita mchanga tu. Jioni ya kila siku ya mvua, panguza na tone, dakika tatu, hata ukiwa umechoka namna gani.

Lakini dawa kubwa kuliko zote haigharimu kitu. Kata ulimi kwenye bidoni, yaani dumu la plastiki, la njano lililopasuka, upana wa kiganja, uufunge kwa waya kwenye mwisho wa madigadi ya mbele, ushuke mpaka ubakize upana wa kiganja kingine kufika chini. Uji mwingi unaochafua mnyororo na miguu hurushwa na gurudumu la mbele. Wenzangu walicheka ulimi ule. Sasa kuna mmoja Keshero anatembea na ulimi wa bluu.

Hatua ya 6: Upepo wa matairi

Utasikia ushauri wa kupunguza upepo wakati wa mvua ili tairi lishike. Kwenye lami ni kweli, punguza kidogo. Kwenye vichochoro vyetu vya mawe, tairi legevu hugonga ringi na mpira wa ndani hukatika sehemu mbili kama umeumwa na nyoka. Isitoshe, mpira uliolowa hukatwa na jiwe au kioo kwa urahisi kuliko ulio mkavu. Mimi nalaza utepe wa tairi kuukuu kati ya tairi na mpira wa ndani. Unaongeza uzito, nauvumilia.

Hatua ya 7: Barabarani

Dakika za kwanza za mvua baada ya siku nyingi za jua ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta ya malori hupanda juu ya lami kabla ya kuoshwa. Ukiweza, subiri chini ya baraza mpaka maji yaanze kukimbia. Dimbwi usiloona chini yake usiliingie, huenda ni kanivo, mtaro wa maji, iliyopoteza kifuniko. Na motari, dereva wa pikipiki, anapokuja mbele yako usimtazame yeye, tazama dimbwi lililo mbele yake: atalikwepa, na atakwepea upande wako.

Taa nyekundu nyuma, iwake hata saa mbili asubuhi mawingu yakiwa mazito.

Hatua ya 8: Radi

Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, kwa hiyo hapa sina mzaha. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika thelathini kabla ya ngurumo, iko kilomita 10, endelea huku ukitafuta nyumba. Ikiwa chini ya hapo, shuka uingie ndani ya jengo au gari. Si chini ya mkalitusi, na si chini ya mabati manne yaliyosimamishwa kwa miti sokoni. Kaa nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Patroni wangu wa zamani alinikata siku kwa kuchelewa hivyo, na kesho yake ningesubiri tena.

Hatua ya 9: Ukifika

Nilisema nitalirudia: baridi inakukamata ukisimama. Usiegemee kaunta ukisimulia mvua ilivyokuwa. Ingia nyuma ya duka, vua vyote, mpaka chupi, jikaushe nywele kwanza, vaa vikavu, kisha chai yenye sukari. Nina taulo dogo na kopo la maji ya miguu vinavyokaa kazini daima. Ukiona mwenzako anatetemeka bila kuacha, vidole havifungui kifungo, maneno yanamkwama, usimtanie. Mvue zile nguo, mfunike, mpe kitu cha moto, na asipopata nafuu mpeleke kituo cha afya.

Wateja huja wakiwa wamelowa na kuomba antibiotiki "ya baridi", au dawa ya malaria kwa sababu walinyeshewa jana. Malaria inaletwa na mbu, mafua yanaletwa na virusi, na antibiotiki haigusi virusi. Huwa nawauzia taulo la maneno tu.

Jioni, mvua ikiwa bado inanyesha, naweka beseni chini ya mfereji wa bati kabla hata ya kuvua koti. Maji Mugunga si ya kuchezea, kwa hiyo baiskeli inaoshwa na mvua ileile iliyoichafua: kopo mbili kwenye magurudumu, moja kwenye pedali. Sweta nalining'iniza mbali na moto wa makaa, maana sufu ikikaushwa kwa joto kali huweza kusinyaa. Langu la kwanza sasa analivaa mtoto wa darasa la pili.