Namna ya Kuvaa na Kutunza Kidani chenye Sura ya Mtu wa Ukoo

Kidani chenye sura ya marehemu huharibika haraka zaidi kikiwa shingoni kuliko kikiwa kabatini, kwa sababu jasho, manukato, jua na mikono ya watoto hukifikia kila siku. Kwa hiyo kanuni ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: kitu cha asili kitunzwe, nakala yake ivaliwe. Maelezo yanayofuata ni kwa familia za hapa Uganda zenye vidani, bruchi au pete za aina hiyo, ziwe zilirithiwa kutoka ng'ambo au zilitengenezwa na sonara wa Kampala kwa picha ya studio.

Anza kwa kutambua ulichonacho. Tumia lensi ya kukuzia na mwanga wa dirishani, wala usifungue chochote. Sura ndogo za kuchorwa kwa mkono zilianza katika majumba ya kifalme ya Uingereza na Ufaransa katika miaka ya 1520, na wachoraji wa zama hizo, kama Nicholas Hilliard aliyefariki mwaka 1619, walichora kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama iliyobandikwa kwenye karata ya kuchezea. Karibu na mwaka 1700, Rosalba Carriera wa Venice alianza kuchora juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, na mtindo huo ukaenea hadi kamera ilipoingia sokoni kuanzia mwaka 1839 na kuwanyang'anya wachoraji riziki yao. Ukiona vidoa na mistari midogo ya brashi kwenye mashavu na nywele, hiyo ni kazi ya mkono. Ukiona uso unaong'aa kama kioo na picha inayojificha unapoigeuza, huenda ni picha ya kamera za mwanzo kabisa, iliyopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Vidani vingi vilivyomo majumbani mwetu, hata hivyo, vina picha ya karatasi ya kawaida.

Utambuzi huo una maana kubwa, kwa kuwa rangi za maji zilishikizwa kwa gundi ya mgunga, ile ile inayovunwa Karamoja, na gundi hiyo huyeyuka majini hata baada ya miaka mia mbili. Tone moja la maji, au kitambaa kilicholowanishwa kwa mate, laweza kufuta jicho zima. Usipanguse uso wa picha kwa kitu chochote. Kioo cha juu kipanguswe kwa kitambaa kikavu cha pamba, na dawa za kung'arishia fedha zisitumike kabisa, maana hupenya ukingoni na kukaa ndani. Mafundi wa zamani waliziba ukingo huo kwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe ili hewa chafu isiingie. Ukiukata kwa kisu, umeondoa kinga ambayo sonara wa kawaida hawezi kuirudisha. Ukiona matone madogo upande wa ndani wa kioo, usidhani ni mvuke wa kawaida, kwani baadhi ya vioo vya zamani hutoa chumvi zinazokula rangi. Hali hiyo inahitaji mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho.

Adui mkubwa katika nchi yetu ni unyevu. Kandokando ya Ziwa Nalubaale (Viktoria), hasa katika misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukungu huota kwenye karatasi ndani ya droo iliyofungwa, na kipande cha pembe ya ndovu hujikunja kikivuta maji, kisha hupasuka kikikauka ghafla. Nunua kipimo kidogo cha unyevu na ukiweke pamoja na kidani ndani ya kisanduku kinachofungika vizuri. Lenga asilimia 45 hadi 60. Vijifuko vya silika husaidia kupunguza unyevu, lakini viondoe kipimo kikishuka chini ya 45, kwa sababu ukavu kupita kiasi nao ni hatari. Kidani kifungwe kwa karatasi isiyo na asidi au kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa wanga. Epuka mpira, ambao huifanya fedha iwe nyeusi, na dawa za nondo. Kisanduku kisikae jikoni wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua.

Sasa nakala. Piga picha ya kidani kivulini karibu na dirisha, bila taa ya kamera, ukiwa umeshika kamera wima juu yake na kuzungushia kitambaa cheusi ili kioo kisirudishe mwanga. Maduka ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, yanaijua kazi ya kuchapa, lakini omba ichapwe kwenye karatasi ya picha, tena kwa vipimo vitatu au vinne vinavyotofautiana kwa milimita moja, kwa sababu ukingo wa kidani huficha zaidi ya unavyotarajia. Iache ikauke siku nzima, uikate kwa mkasi mdogo, kisha uiweke kati ya karatasi mbili angavu za poliesta. Usitumie gundi. Mwombe sonara atengeneze kidani kipya kwa ajili ya nakala, na amalize kazi yote ya moto kabla picha haijaingizwa.

Kama kitu cha asili ni cha pembe ya ndovu, sheria inakuhusu. Uganda imo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu kali. Kabla ya kukiuza au kuvuka nacho mpaka, waulize Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 2018, inaruhusu kuuza sura ndogo zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1918 na zisizozidi sentimita za mraba 320, mradi zisajiliwe, lakini ruhusa hiyo haikulindi kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe.

Lililobaki ni jina, nalo ndilo hupotea mapema kuliko rangi. Kaa na jajja (bibi au babu) angali hai, umwonyeshe picha iliyokuzwa kwenye simu, na uandike kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni na kamwe si mgongoni mwa picha, ni nani huyo, wa ukoo gani, alizaliwa wapi, nani alimpa nani kidani hicho na katika tukio gani. Kama naye hana uhakika, andika hivyo hivyo. Karatasi moja ikae na kidani, nyingine kwa ndugu anayeishi nyumba tofauti.

Kwa kuwa kidani hakigawanyiki, kila mtoto apewe nakala yake, na mmoja atajwe katika wosia kuwa mtunzaji wa kile cha asili, kwa maelezo yanayokitofautisha na vito vingine. Wosia huo utiwe saini mbele ya mashahidi wawili, na mtunzaji mtarajiwa asiwe mmoja wao.