Kuvua kwa mshipi kwenye kriki za Mombasa baada ya mvua kubwa

Kila mwaka masika ikishapiga, hasa mwezi wa 5 ambao ndio Mombasa hunyeshewa kushinda miezi yote, watu huanza kuuliza, kusi lavuma, nje hakuendeki, maji yamechafuka kote, sasa twavua wapi? Jibu ni ndani, kwenye kriki, ile mikono ya bahari iliyoingia bara. Kriki ya Tudor, Port Reitz, Mtwapa. Lakini kuna namna ya kwenda, mana wengi mvua ikikatika tu washabeba mshipi na kamba wa chambo kilo nzima, washinda pale mpaka jioni, warudi na hongwe wawili na matope mpaka magotini, alafu wasema kriki imekufa. Kriki haijakufa bana. Walienda saa si yake na chambo walikiweka juu wakati samaki wako chini.

Elewa maji yenyewe kwanza. Tudor yaingiwa na mito miwili kutoka bara, Kombeni na Tsalu, na upande wa Port Reitz kuna Mwache na wenzake. Wakati wa kiangazi hii mito ni kama haipo, lakini mvua ikimwagika kule Mariakani yashuka maji mekundu na udongo wa mashamba wa watu. Ule udongo si mchezo, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mchanga na tope jingi mpaka mikoko mingi ya Mwache ikafa imesimama. Sasa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, hayachanganyiki hapo hapo, yakaa juu. Ukisimama darajani Nyali ukatazama waona kriki nzima imekuwa rangi ya chai ya maziwa ukakata tamaa, lakini chini, pima mbili tatu hivi (pima ni upana wa mikono miwili ukiinyosha), bahari ikianza kujaa maji ya chumvi yaingia taratibu chini ya yale machafu. Huko ndiko samaki waliko na huko ndiko chambo chako kinatakiwa kiwe.

Na mvua yenyewe yawaletea chakula. Yasukuma kaa wadogo, minyoo na wadudu kutoka kwenye mikoko, na kamba wakubwa wakubwa nao huteremka kuelekea bahari kuu maji ya chumvi yakipungua. Kungu, chewa wa kwenye mizizi na kolekole wadogo wajua hivyo kushinda mimi na wewe, wakaa njiani wakisubiri. Tafi na pono usiwategemee, hao wataka maji safi, wakati huu watoka zao nje. Hongwe ndio hajali kitu, maji yawe uji yeye ala tu.

Kwa hivyo siku ya mvua usiende. Siku ya pili nenda ukatazame bila mshipi, uone tu. Ya tatu, ikiwa haikurudia, ndio ufikirie kuvua. Kama hujui kupima kwa jicho chukua kifuniko cheupe cha chupa, kitoboe ukifunge juu ya chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, shusha. Kikipotea kabla hujafika dhiraa moja, yaani kiwiko mpaka ncha ya kidole, rudi nyumbani kalale, kikionekana mpaka hapo ama zaidi basi kuna kazi. Usitafute maji meupe kabisa pia, mana yakitakata kabisa kungu warudi ndani ya mizizi na hawatoki mpaka usiku. Yale maji yaliyo katikati, kijani kijani yenye ukungu, ndio yenyewe.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wengi waharibu mana waenda kwa saa ya nafasi yao sio saa ya maji. Mombasa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji hupwa kama saa nne saa tano asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, yajaa kama saa nne asubuhi, yaani yaanza kuingia alfajiri. Na kila siku yachelewa karibu dakika 50. Mimi baada ya mvua napenda maji mafu, wengine watabisha, wabishe, lakini bamvua yavuta tope lote la pembeni na kulirudisha na mkondo pale mlangoni mwa kriki wakuwa mkali mpaka chubwi haikai. Maji mafu yakuja polepole, tope latulia, na ukishaswali alfajiri waenda moja kwa moja washika maji ya kwanza ya kujaa. Saa mbili za mwanzo za kujaa, hapo ndio pa kula. Yakishajaa sana samaki waingia ndani ya mikoko na utawasikia tu wakiruka huko.

Ukifika usitupe mshipi. Simama. Kuna kijana mmoja juzi pale chini Tudor alifika na haraka zake akamkuta mzee amekaa kwenye ngazi za diko, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, amejikunja na koti, mshipi bado umezungushwa kwenye kibao chake, akamuuliza, "Salaam aleikum ami, mbona huvui, maji mabaya?" Mzee akajibu, "Waaleikum salaam. Bado mwanangu. Tazama zile taka zaenda wapi." Taka zilikuwa bado zateremka kuelekea bandari ya zamani, majani ya mnazi, chupa, gogo moja kubwa. Baada ya muda zikasimama, zikazunguka pale pale, alafu za pembeni zikaanza kurudi juu huku za katikati bado zateremka. Hapo ndio mzee akafungua kibao. Darasa zima liko hapo: maji huanza kugeuka pembeni na chini kabla ya katikati kwenye mkondo, na pale yanapopishana hutokea mstari, upande huu maji mekundu upande ule kijani, na povu na majani yamejipanga juu yake. Tupa upande wa maji ya kijani, karibu na mstari, uache chubwi ishuke mpaka iguse. Mstari ukisogea na wewe sogea.

Pa kusimama patafute palipo na kina karibu na ukingo, ama palipo na kona maji yapige mzunguko, ama mdomo wa kijito kinachotoka kwenye mikoko. Mishomoroni, Junda, Jomvu na Mikindani zote ziko na vijito kama hivyo. Makupa nako kumebadilika, zamani lilikuwa tuta limeziba, maji ya Tudor na ya Port Reitz hayakutani, tangu daraja lifunguliwe 2022 maji yapita chini na ukitaka kuona mkondo unavyofanya kazi kaangalie hapo. Bandari ya Kilindini na kambi ya jeshi Mtongwe usisogelee, utatolewa na pengine usitolewe kwa lugha nzuri. Na diko lolote ufikalo waulize watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, kwanza, wao ndio wenye hapo, salamu haigharimu kitu na utaambiwa mpaka samaki walipolala.

Kama hujui chini kuna nini, paka sabuni ya kipande, ile ya kufulia, chini ya chubwi, ilowanishe kidogo ishike, shusha igonge mara moja tu alafu vuta. Ikija na mchanga na vipande vya kombe ni chini pagumu, kaa hapo hapo. Ikija na tope jeusi linanuka, hama, hongwe tu hapo.

Vifaa havina makuu. Nailoni ya pauni 30 mpaka 40 kwenye kibao yatosha kabisa, rodi ukiwa nayo sawa lakini sio lazima, na mimi naona kwa maji ya tope mshipi wa mkononi ni bora mana wasikia kila kitu. Chubwi ya kuteleza, yenye tundu, gramu 60 kwa maji mafu na 100 kwa bamvua. Pitisha mshipi mkuu kwenye tundu, funga kipete, kile kiungo kinachozunguka, alafu kutoka kwenye kipete toa nailoni ya dhiraa mbili yenye ndoana moja. Moja! Sio tatu, maji ya mvua yamejaa takataka, ndoana tatu ni kuvua mifuko na matawi. Namba 6 ama 7 kwa kungu, namba 10 kama wataka chaa wa kukaanga (ukipanda namba ndoana yawa ndogo, wageni huchanganyikiwa hapa). Fundo: pitisha ncha kwenye jicho la ndoana, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano, irudishe kwenye kile kitundu kidogo kilichobaki karibu na jicho, tia mate, vuta polepole mpaka mizunguko ijipange imeshikana. Ukivuta kavu nailoni yaungua na utajua siku samaki mkubwa amekuja.

Chambo kiwe na harufu, samaki hawaoni vizuri saa hii, wanusa. Kamba mbichi wa asubuhi, sio wale waliogandishwa wakayeyuka wakagandishwa tena. Mvunje kichwa, kikamulie pembeni ya ndoana kidogo ile rojo ya manjano impake mwilini, alafu ingiza ndoana mkiani, ifuate tumbo ndani kwa ndani, ncha itoke kwenye miguu kidogo tu. Ukikosa kamba, kata mkizi, na ngozi iwe nje ili nyama isichomoke. Badilisha kila baada ya robo saa hata kama hakijaguswa, mana maji yakishaosha harufu wabaki na plastiki tu pale chini.

Mshipi ushike kwa kidole cha shahada, uwe umekaza kidogo bila kuvuta. Hongwe hugonga gonga kama mtu asiye na uhakika. Chaa hudonoa haraka haraka. Kungu yeye hana salamu, kidole chavutwa mara moja, na hapo usimpe hata dhiraa moja mana nia yake ni kurudi mizizini, akifika huko umepoteza samaki na chubwi na ndoana. Vuta, rudi nyuma hatua mbili tatu, mshipi uwe wamwagika mbele yako chini, usijizungushie mkononi hata siku moja. Akishatoka kwenye mizizi mpe nafasi achoke.

Mambo ya usalama ntasema kwa ufupi lakini usiyaruke. Radi ikisikika ondoka. Viatu lazima, chaza wa kwenye mikoko wakata kama wembe, na tembea kwa kuburuta miguu ili samaki taa ajue wakuja aondoke. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na ngogo naye hivyo hivyo, kamata kwa tambara ama kwa koleo. Ukichomwa tumbukiza mahali hapo kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasikuunguze, nusu saa mpaka saa moja na nusu, maumivu hupungua, alafu nenda hospitali hasa ukiona mwiba umekatikia ndani. Na tusidanganyane, mvua ikinyesha vyoo na mitaro ya mji huu huishia kriki. Ukiwa na kidonda mguuni usiingie majini, nawa kwa sabuni kabla hujashika chakula, na chaza na kombe za wiki hiyo usile kabisa, hao huchuja maji na kubakisha uchafu ndani yao. Samaki hana neno mradi umtoe matumbo hapo hapo, usimsuuze kwa maji ya kriki, mtie kwenye barafu, na umpike aive.

Kungu wa kilo moja mpake chumvi, thomu, tangawizi na ndimu, mweke kwenye makaa, na tui zito la nazi lenye ukwaju na manjano umpake akigeuzwa. Hongwe ana harufu ya tope, mtu wa haraka humtupa, lakini mlaze kwenye ndimu na chumvi saa moja, umwage yale maji, umpike mchuzi wa bilingani na pilipili, watakula na wataomba tena. Wale wadogo wa kungu na chewa, chini ya kiganja, warudishe, mikoko ndio wanakokulia.

Ukifika nyumbani mshipi wote uutoe kwenye kibao uloweke kwenye ndoo ya maji baridi, upitishe kwenye vidole viwili dhiraa kwa dhiraa. Ukisikia mkwaruzo kata hapo, usifunge fundo katikati. Ndoana zipanguse na tone la mafuta ya nazi, na kama usiku mvua imerudi, hesabu tena siku zako tatu kuanzia kesho.