Somo: Kisu Kikali, Upepo Mkali na Jozi za Maneno ya Kiingereza

Mwanafunzi wangu mmoja wa masomo ya jioni hapa Mtwara aliandika kwamba "big rain" na "sharp wind" zilimzuia kufika kwenye mnada wa korosho. Sarufi yake haikuwa na kasoro, na kila neno lilitoka kwenye kamusi. Hata hivyo, Mwingereza husema "heavy rain" na "strong wind". Mwanaisimu Michael Halliday alieleza jambo hili kwa mfano wa chai: husemwa "strong tea", wala si "powerful tea", ingawa maneno yote mawili yana maana ya nguvu.

Hatua ya kwanza ya kujifunza jozi kama hizi, yaani maneno yaliyozoea kukaa pamoja, ni kuichunguza lugha yako mwenyewe. Neno letu "kali" hukaa na nomino nyingi, lakini Kiingereza hulibadilisha kila mara: kisu kikali ni "sharp knife", mwalimu mkali ni "strict teacher", mbwa mkali ni "fierce dog", na maumivu makali ni "severe pain". Vivyo hivyo, sisi hupiga simu, picha, kura na mswaki bila kukunja ngumi, ilhali wao husema "make a call", "take a picture", "cast a vote" na "brush your teeth". Pasi haihitaji hata jozi, kwani kitenzi "iron" kinatosha.

Hatua ya pili, anza na nomino, kisha utafute kitenzi au kivumishi kinachoandamana nayo. Ukitaka kusema kwamba umekunywa dawa, fungua kamusi kwenye "medicine", si kwenye "drink", nawe utakuta "take medicine".

Hatua ya tatu, andika daftarini jozi nzima ndani ya sentensi inayohusu maisha yako. Orodha ya maneno pwekepweke, ambayo wengi wetu tulikaririshwa shuleni, kwa maoni yangu ndiyo chanzo cha "big rain".

MASWALI YA WASHIRIKI

Mshiriki wa Newala: Mwalimu, bei ya korosho ikipanda, ninaweza kusema "expensive price"?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kinachokuwa "expensive" ni bidhaa; bei huwa "high" au "low". Korosho zikipata bei nzuri, unaweza kusema "they fetched a good price", ingawa kitenzi hichohicho hutumika kwa mtu aliyekwenda kuchota maji kisimani.

Mshiriki wa Lindi: "Fast" na "quick" yote ni haraka. Nichague lipi?

Jibu: Jozi ndiyo huamua. "Fast food" ni chakula cha aina ya chipsi na baga, lakini "quick meal" ni mlo wowote wa harakaharaka, hata ugali wa nyumbani.

Mshiriki wa Kilwa: Niliambiwa kwamba "make" ni kuunda kitu na "do" ni kutenda. Je, kanuni hiyo inatosha?

Jibu: Inasaidia nusu ya safari. Inakubaliana na "make a cake" na "do homework", na ukijikaza inaweza kueleza kwa nini tunasema "do business" lakini "make a profit". Ikifika kwenye "make the bed" inakwama, maana anayesema hivyo hajachonga kitanda chochote. Ametandika shuka tu.